Miezi 11 upande wa wanawake: mwanamke akiingia gerezani, nani anakwenda kumwona?

#1 Mama Wawili (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo naupandisha kwa sababu ya jambo nililolisikia kwenye daladala wiki iliyopita. Vijana wawili walikuwa wanabishana, mmoja akasema wanawake jela wanakula raha tu, kazi yao kusukana na kudarizi vitambaa, wanaonyea debe ni wanaume. Nilitaka kugeuka nimjibu, koo likanikauka, nikashuka kituo kisicho changu.

Sitataja gereza, wala mahakama, wala tajiri niliyekuwa namfanyia kazi. Nilikuwa keshia wa duka la vifaa vya ujenzi. Septemba 2018 hesabu za duka zikapungua shilingi milioni 14 na ushee, tukakamatwa wawili, mimi na kijana wa stoo. Kwa sheria ya wakati ule, kesi ya mali inayozidi milioni 10 ukitaka dhamana lazima uweke mahakamani nusu ya kiasi hicho, fedha taslimu au hati ya mali isiyohamishika, ukiacha wadhamini wenyewe. Kijana wa stoo baba yake ana kiwanja chenye hati, akatoka siku ya tano. Mume wangu naye alikuwa na kiwanja chenye hati, tulichokinunua kwa fedha ya mchezo wangu na mshahara wake, jina likaandikwa lake. Akasema hawezi kuweka kiwanja kwenye kesi asiyoijua mwisho wake. Nikapanda karandinga.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakizungumzia gereza huanzia getini. Kwa mwanamke safari inaanzia kwenye hati. Humo ndani nilikuta kina mama wengi ambao hakimu ameshasema dhamana iko wazi. Iko wazi, lakini shamba ni la ukoo, nyumba ni ya mume, kiwanja kina jina la kaka. Mama mmoja wa gongo alikuwa na mwezi wa nne kwa kukosa mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa. Wanawe walikuwa wanalelewa na jirani.

Nilipoingia nilipekuliwa na askari wa kike, hilo nalishukuru, sheria inataka hivyo na waliifuata. Nikapewa blanketi na nafasi. Upande wa wanaume tulisikia wanalala mchongoma, wanageuka kwa amri. Kwetu haikufika huko, godoro moja watu wawili, mzungu wa nne. Usingizi ulikuja baada ya wiki.

Kilichonivunja ni hedhi. Mama yangu aliniletea pakiti mbili za pedi mwanzoni, zikaisha, na mwenzangu wa godoro hakuwahi kuwa nazo toka aingie. Tulikuwa tunachana kanga kuukuu, kipande cha kiganja na nusu, tunakunja mara nne, ndani tunatia sponji iliyonyofolewa kwenye godoro. Ndiyo maana magodoro yetu yalikuwa na mashimo pembeni. Kufua tulifua, kuanika ndiyo shida. Hakuna mwanamke anayetaka kuanika kitambaa cha hedhi mbele za watu, basi unakificha chini ya kanga nyingine, hakipati jua, unakivaa kikiwa na unyevu. Maji yakikatika, vinakaa kwenye mfuko mpaka kesho. Miwasho ilikuwa ya kila mtu. Mwaka niliokamatwa serikali ilikuwa imeondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Juni 2019 ilipotangazwa kuwa inarudishwa nilikuwa bado ndani, tulisikia kwa redio ya askari, mama mmoja akauliza, kwani ilikuwa imeondolewa?

Mahakamani tulikwenda kila baada ya siku 14. Unaamshwa alfajiri, unahesabiwa, unapakiwa, unakaa kwenye chumba cha mahabusu cha mahakama hadi saa saba, unaingia dakika tatu: upelelezi haujakamilika, shauri litatajwa tarehe fulani. Unarudi jioni, ugali umeshagawiwa. Siku moja nilisimama kizimbani nikajua kabisa kwamba nyuma nimechafuka. Nilikuwa nimejifunga kanga mbili na bado. Sikusikia tarehe niliyopangiwa. Karani wa mahakama, mama mtu mzima, alikuja akavua mtandio wake akanifunga kiunoni bila kusema neno, akarudi mezani kwake. Mtandio ule ninao hadi leo, wa rangi ya zambarau, sijapata namna ya kumrudishia.

Sasa watoto. Tulikuwa na wanne, wote wameingia na mama zao au wamezaliwa humo humo. Mmoja alikuwa na miaka miwili na nusu, ameshaachishwa ziwa zamani, lakini ndugu wa mama yake hawakutokea kumchukua. Kila asubuhi na jioni filimbi ya hesabu ikilia tunachuchumaa kwa mistari, wawili wawili. Yule mtoto alikuwa akisikia filimbi anaacha mchezo, anakimbia kuchuchumaa mwisho wa mstari, mikono magotini, anasubiri ahesabiwe. Askari walimpenda, walimletea biskuti. Mama yake alitoka kwa msamaha wa tarehe 9 Desemba. Nilipokutana naye mwaka uliofuata aliniambia walipita karibu na uwanja wa mpira, refa akapuliza filimbi, mtoto akachuchumaa katikati ya njia. Alimnyanyua mara mbili, hakutaka kunyanyuka.

Na kulikuwa na binti wa miaka 19, wa kijijini, alijifungua peke yake usiku kwenye shamba la mahindi, mtoto akakutwa amekufa. Kesi ya mauaji, dhamana hakuna. Alifika maziwa yanamtoka, gauni limeganda kifuani. Wamama wakamfunga matiti kwa kanga, wakamkanda kwa maji ya moto waliyoombea jikoni. Alikuwa hasemi. Wiki ya pili akauliza, hivi mtoto alikuwa wa kike au wa kiume? Hakuna aliyekuwa anajua. Nilipotoka mimi bado alikuwa ndani na upelelezi ulikuwa haujakamilika.

Jambo lililonifanya niandike ni la Jumamosi na Jumapili, siku za ndugu. Selo yetu tulikuwa 31. Wenye waume 17. Mwezi wangu wa sita, waliokuwa bado wanatembelewa na waume zao walikuwa wawili. Wa kwangu alikuja mara mbili. Mara ya tatu alikuja mama peke yake, amebeba wali na dagaa kwenye kontena, askari akamwonjesha kwanza kama kawaida, akanipa. Hakuniambia kitu. Nikamwuliza wanangu wako wapi, akasema wako kwangu. Nikajua.

Wanangu wakati huo walikuwa na miaka 9 na 6. Waliambiwa mama yuko masomoni. Mkubwa aliambiwa ukweli na mwenzake darasani.

Agosti 2019 kesi ikaondolewa. Nilitoka mlangoni natazama kulia na kushoto, maana nilishaona watu wanaachiwa na kukamatwa tena hapo hapo nje. Nimerudi mara kadhaa kuwaona wenzangu. Foleni ya wageni nje ya gereza, kama hamjaiona, ni foleni ya wanawake. Wake, mama, dada, wamebeba hotpoti, ndizi, sabuni. Karibu wote wanakwenda kwa wanaume. Mwanaume akifungwa, kuna mwanamke anayeamka usiku kumpikia. Mwanamke akifungwa, wa kuamka nani?

Naomba tuzungumze. Kama kuna aliyepita huko, au ana ndugu huko, au anajua sheria, aseme.

#2 Kabwela wa Mbagala

Pole sana dada. Ila niseme ukweli wangu usinichukie. Wanaume ndani ni wengi mno kuliko wanawake, lazima foleni yao iwe ndefu. Na pili, kuna watu waliibiwa, kuna watu waliuliwa ndugu zao. Tukianza kuhurumia walioko gerezani, aliyetendewa nani anamhurumia? Gereza si hotelini.

#3 Mama Wawili

Kaka Kabwela sikuchukii, umeuliza kiungwana.

La kwanza uko sahihi, wao ni wengi. Ndiyo maana sikukupa hesabu ya nje, nimekupa ya ndani: 17 wana waume, wawili wanatembelewa. Kwa wanaume sina hesabu, lakini mahabusu wenzangu waliokuwa na kaka zao upande wa pili walikuwa wanapata chakula kutoka kwa wifi zao, kontena moja linagawanywa. Mke wa kaka analisha watu wawili. Mume wa dada haonekani.

La pili, adhabu ni kunyimwa uhuru. Hakimu akitamka miaka mitatu hajatamka miaka mitatu bila pedi. Na nusu ya wale niliolala nao hakuna hakimu aliyekuwa amewatamkia chochote. Yule mtoto wa filimbi alimwibia nani?

#4 Wakili Chipukizi

Dada, ahsante kwa ujasiri. Nachangia upande wa sheria kwa kuwa kuna mambo watu wanapoteza haki kwa kutoyajua.

Kuhusu yule binti. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 199, ina kosa linalojitegemea la mama kuua mtoto mchanga. Mama akisababisha kifo cha mwanawe mwenye umri chini ya miezi 12, na akili yake ilikuwa imevurugika kwa sababu hajapona athari za uzazi au za kunyonyesha, anahesabiwa na kuadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Tofauti yake ni kubwa mno, maana mauaji ya kukusudia kwetu adhabu iliyoandikwa ni moja tu, kunyongwa. Tatizo ni kwamba polisi wanaanza na hati ya mauaji ya kukusudia, na mauaji ni katika makosa yasiyo na dhamana chini ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua, kikabaki. Kwa hiyo binti anakaa ndani akisubiri upelelezi wa kosa kubwa, ilhali alilotenda, kama alitenda, huenda ni lile dogo. Na wakili wa kupewa na serikali humpata kesi ikifika Mahakama Kuu. Kule chini inapotajwa kila wiki mbili hana mtu wa kusimama aseme, mheshimiwa, huyu alijifungua peke yake, apimwe akili.

Upimaji huo ukicheleweshwa mwaka, daktari anampima mtu mwingine. Akili iliyovurugika usiku ule imeshatulia. Hapo ndipo haki inapopotelea.

Lingine, kifungo si lazima kiwe cha ndani. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002: aliyehukumiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kukitumikia nje, anafanya kazi ya jamii, analala kwake na wanawe. Mama wa gongo yule akija kutiwa hatiani ni mtu wa sheria hii kabisa. Aombe, au ndugu yake amkumbushe hakimu amwite afisa husika atoe ripoti. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ibara ya 30, unataka mahakama ifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo kwa mjamzito na mama wa mtoto mdogo. Tanzania imeridhia mkataba huo toka 2003. Sijaona hakimu akiusoma kabla ya kuhukumu, lakini hakuna kinachomzuia wakili au mshitakiwa kuutaja.

Pia tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Wasaidizi wa kisheria wanaruhusiwa kuingia magerezani. Anayejua mtu ndani asisubiri apate fedha ya wakili.

#5 Mama wa Zamu (askari magereza mstaafu)

Mwanangu Mama Wawili, nimekusoma mpaka mwisho nimelazimika kuvua miwani.

Nilivaa sare ya kaki miaka 27, karibu yote upande wa wanawake. Sikupingi hata mstari. Nataka tu watu wajue na ya upande wetu. Zile biskuti za mtoto ni mshahara wa askari. Pedi tulikuwa tunachanga, mwisho wa mwezi kila askari pakiti moja, na si kila mwezi iliwezekana. Bajeti ya gereza inakuja kwa vichwa: unga, maharage, kuni. Kichwa cha mwanamke na cha mwanaume vinahesabiwa sawa, kana kwamba miili yao ina mahitaji sawa. Mjamzito akiingia hana mstari wake kwenye karatasi. Uji wake unaupata kwa kumwomba mpishi.

Sheria ya Magereza ya 1967 inaruhusu mtoto anayenyonya aingie na mama yake, avishwe na kutunzwa kwa gharama ya serikali, na akiachishwa ziwa akabidhiwe kwa ndugu walio tayari. Siku ya kukabidhi nimeishuhudia mara nyingi, na hakuna kazi niliyoichukia kama hiyo. Bibi amekuja kutoka kijijini, amevaa kitenge kipya, mtoto hamjui. Mama anaambiwa asilie ili mtoto asishtuke. Anamvalisha viatu, anamfunga kamba polepole, anazifungua, anazifunga tena. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema, haya mama, inatosha.

Na umbali nao. Magereza ya wanawake peke yao ni machache. Lipo la Kingolwira pale Morogoro, kwingine wanawake wana ua wao ndani ya gereza la wanaume. Mwanamke wa Kigoma akipelekwa Morogoro ni zaidi ya kilomita 1,000 za reli. Ndugu yake akija mara moja kwa mwaka, huyo anawapenda. Wengi hawaji, na si wote wamewatupa. Nauli hakuna.

Jambo la msamaha wa Rais, watu wanachanganya. Kwenye matangazo ya 26 Aprili na 9 Desemba mara nyingi utasikia wanatajwa wanawake walioingia na mimba na walioingia na watoto wanaonyonya na wasionyonya. Ni jambo jema sana. Ila linamhusu mfungwa, aliyekwisha hukumiwa. Mahabusu hasamehewi maana hajahukumiwa. Nimewahi kuwa na kina mama wawili wenye watoto wa umri mmoja: mfungwa katoka, mahabusu kabaki, na aliyebaki baadaye alionekana hana hatia.

#6 Mama wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma nikaona ni yetu pia.

Shangazi yangu alishikwa na chang'aa, lita chache tu, akapigwa faini, asipolipa miezi mitatu. Ile faini tulikuwa tunaichanga kwa simu, tukafikisha nusu, miezi mitatu ikaisha. Yaani alifungwa kwa kukosa nusu. Mjomba alikuwa hapo hapo mjini, ana pikipiki mbili. Akasema yeye si wa kuonekana getini jela.

Kwetu Kenya sheria inasema mtoto akae na mama gerezani mpaka afike miaka minne. Watu wengine husema ni huruma, wengine husema ni kumfunga mtoto. Lang'ata kule Nairobi kuna mahali pa kulelea watoto mchana, wana vichezeo na mwalimu, na huku Pwani wanawake wako Shimo la Tewa. Mimi nikifikiria yule mtoto wa filimbi sijui ningechagua lipi. Miaka minne amekaa kwa mama yake, halafu siku moja anatolewa, ameshajua kusema "sitaki". Kwa yule wa kuachishwa ziwa angalau hajajua.

Shangazi alipotoka wanawe wawili walikuwa wamehamishiwa kwa mke mwenza. Mdogo alikuwa anamwita mke mwenza mama. Hilo ndilo lililomlaza kitandani, jela hakuilalamikia hata siku moja.

#7 Mutoto wa Goma

Mimi niko mutu wa Goma, sasa naishi Kigoma. Naomba niongeze kidogo tu.

Tarehe 27 Januari 2025, siku waasi wa M23 waliingia mjini, gereza la Munzenze lilivunjwa. Wanaume walitoka maelfu. Upande wa wanawake ulikuwa ndani ya ukuta ule ule. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa waliokuwa wanatoroka, kisha upande wao ukawaka moto, na wengi wao wakafa humo. Watoto walikuwamo pia.

Mama wa Zamu alisema kuhusu ua wa wanawake ndani ya gereza la wanaume. Siku za amani ni shida ya maji na nafasi. Siku mlinzi anakimbia, ni ule mlango mmoja tu. Dada ya rafiki yangu alikuwa kule kwa deni. Deni.

#8 Mama Wawili

Ndugu yangu wa Goma, pole. Sina neno. Nimesoma nikainuka nikatembea uani.

Mama wa Zamu, shikamoo. Nimelia kwenye zile kamba za viatu. Askari aliyekuwa na roho kama yako nilimpata mmoja, alinipa barua ya mwanangu aliyoiandika kwa penseli akaniambia isome chooni, usiku irudishe nikuhifadhie. Ilikuwa na sentensi tatu.

#9 Wakili Chipukizi

Naongeza dogo nililolisahau. Umoja wa Mataifa ulipitisha Desemba 2010 kanuni 70 za namna ya kuwatendea wafungwa wanawake, zinaitwa Kanuni za Bangkok. Kanuni ya 5 inataja taulo za kike bila malipo na maji ya uhakika, hasa kwa wenye hedhi, wajawazito na wanaonyonyesha. Ya 4 inasema afungwe karibu na kwao kadiri iwezekanavyo, ukiangalia watoto anaowalea. Ya 24 inakataza pingu kwa mwanamke aliye kwenye uchungu, anayejifungua, au aliyetoka kujifungua. Kwa hiyo mnayoyasema humu yalishaandikwa na nchi zikakubali. Ukiandika barua ya kuomba jambo gerezani, zitaje kwa namba. Barua yenye namba husomwa tofauti.

#10 Kabwela wa Mbagala

Nimerudi. Nilisoma jana usiku, nikamwuliza mama yangu kuhusu dada yake mkubwa ambaye hatumtajagi nyumbani. Kumbe alikaa ndani miaka sita, na kumbe babu ndiye aliyekataza mtu yeyote kwenda. Alitoka akaenda kuishi Tunduma, hakurudi tena. Mimi nina miaka 34, sikuwahi kujua nina mama mkubwa.

Dada samahani kwa lile la hotelini.

#11 Binti Mzigua

Naomba nisitaje mengi. Mama yangu yuko ndani, mkoa mwingine, toka 2021. Baba yetu hajawahi kwenda na alituambia tusiende. Alipofungwa nilikuwa kidato cha pili, sasa nina miaka yangu, ninafanya kazi. Nimekuwa nikisema nitakwenda mwezi ujao kila mwezi. Naogopa atanikasirikia kwa kuchelewa. Na sijui hata naingiaje, nabeba nini.

#12 Mama Wawili

Mwanangu, hatakukasirikia. Mimi ningekuwa ndani miaka yote hiyo mwanangu akatokea, nisingeuliza ulikuwa wapi.

Beba kitambulisho. Nenda mapema, Jumamosi, saa mbili uwe umeshaandikisha jina. Kwa kuwa ni mfungwa na si mahabusu taratibu za chakula ni tofauti, uliza mlangoni kabla hujapika. Vitu vidogo huwa vinakubalika: sabuni za mche, dawa ya meno, mafuta ya mgando, nguo za ndani, pedi. Pedi beba nyingi kuliko unavyodhani, pakiti nane, kumi, kwa sababu atagawa. Usimkataze. Humo ndani mwenye pedi za kugawa anaheshimika, na mama yako hajawa na kitu cha kumpa mtu kwa muda mrefu.

Dakika ni chache na askari atakuwepo. Usizimalize kwa kulia, utalia kwenye basi. Mpe habari. Nani kaolewa, nani kafa, mwembe wa nyumbani bado upo, shule ulimaliza, kazi unafanya ipi, mshahara unaingia tarehe ngapi. Mtu wa ndani anaishi kwa habari, atazirudia kwa wenzake wiki nzima. Kama kuna picha, uliza kama utaruhusiwa kumwachia.

Atakuwa amepungua. Atakuwa amenyolewa. Usishtuke usoni, maana yeye atakuwa anautazama uso wako tu.

Ukiweza, kabla hujaondoka mwulize kuna nani asiyetembelewa. Atakutajia jina.

#13 Mama wa Zamu (askari magereza mstaafu)

Na akikutajia, mjukuu wangu, usilipeleke kwa mdomo tu. Kikundi chenu, kanisa au msikiti, waandike barua kwa mkuu wa gereza, waombe siku. Kina mama wa vikundi wakija na barua huwa wanapewa nafasi. Nimewapokea wengi getini, wachache sana waliuliza kuhusu upande wetu.

#14 Binti Mzigua

Ahsanteni. Nimekata tiketi ya Ijumaa usiku. Mdogo wangu ameniambia naye anakuja, alikuwa na miaka saba mama alipochukuliwa. Ananiuliza mama atamjuaje.

#15 Mama Wawili

Mwambie aingie yeye kwanza.